Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa katika Kiingereza: ipi itumike wapi

Zitazame sentensi hizi mbili, ambazo zote ni sahihi kwa sarufi na zote zinaeleza tukio lilelile la shuleni:

“The headmaster suspended four students on Monday.”
“Four students were suspended on Monday.”

Ya kwanza iko katika kauli ya kutenda: mwalimu mkuu ametangulia, yeye ndiye kiima, naye ndiye aliyewasimamisha masomo wanafunzi wanne. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa: wanafunzi wametangulia, wao ndio kiima ijapokuwa hawakutenda lolote, na mwalimu mkuu hayumo kabisa. Mzazi anayetaka kujua adhabu imewapata wangapi atatosheka na ya pili, lakini mjumbe wa bodi ya shule anayeuliza ni nani aliyetoa adhabu hiyo bila kikao atahitaji ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayeuliza ni kauli ipi iliyo bora hawezi kujibiwa mpaka aseme anamwandikia nani na anazungumzia nini. Hapa nazilinganisha kauli hizo kwa ajili ya msomaji ambaye lugha yake ni Kiswahili, kwa sababu msomaji huyo ana nyenzo ambazo Mwingereza hana, na nyenzo hizohizo ndizo zinazompoteza anapoandika Kiingereza.

Namna zinavyoundwa

Kiswahili hubeba kauli ya kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe, kwa sauti moja ndogo: pika huwa pikwa, soma huwa somwa, nunua huwa nunuliwa, jibu huwa jibiwa, na hata vitenzi vifupi kama la na nywa vina liwa na nywewa. Kiingereza hakina mnyambuliko wa namna hiyo. Hutumia kitenzi kisaidizi “be” na kukifuatisha na umbo la tatu la kitenzi kikuu, yaani lile la “written”, “eaten” na “taken”. Umbo hilo la tatu halibadiliki hata kidogo. Mzigo wote wa wakati hubebwa na “be”. Ndiyo maana “writes” huwa “is written”, “wrote” huwa “was written”, “is writing” huwa “is being written”, “has written” huwa “has been written”, “will write” huwa “will be written”, na “must write” huwa “must be written”. Anayeandika “was wrote” ameweka alama ya wakati uliopita mara mbili, moja katika “was” na nyingine katika “wrote”, wakati Kiingereza kinataka iwekwe mara moja tu, katika kisaidizi.

Kosa ninalolikuta zaidi katika madaftari ya wanafunzi ni “is been written”, umbo ambalo halimo katika Kiingereza sanifu. Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa. Ukitaka kusema kwamba barua inaandikwa wakati huu tunapozungumza, andika “is being written”. Ukitaka kusema kwamba imeandikwa, andika “has been written”. Sauti -na- na -me- zinakuonyesha njia, kwa sharti moja: -na- yetu hubeba pia mambo ya kila siku, na hapo Kiingereza hakitumii “being”. Tunaposema Kiswahili kinazungumzwa Tanzania, tafsiri yake ni “Swahili is spoken in Tanzania”, kwa kuwa hiyo ni hali ya kudumu na si tendo linaloendelea dakika hii.

Anayejikwaa katika “is being” asijione mzito wa akili. Umbo hilo ni changa kuliko mengine: lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na kabla ya hapo Mwingereza aliweza kusema “the house is building” akimaanisha kwamba nyumba inajengwa. Lilipoenea katika karne ya 19, walikuwapo wasomi walioliandikia vikali wakisema ni uharibifu wa lugha. Leo hakuna anayelipinga, na mtihani hulidai bila kusita.

Si kila kitenzi hukubali kugeuzwa. Kitenzi kisichokuwa na yambwa, yaani mtu au kitu kinachofanyiwa tendo, kama “arrive”, “die”, “happen” na “occur”, hakina kitu cha kusogezwa mbele kiwe kiima, na kwa hiyo “the accident was happened” ni kosa. Ajali haikutokewa bali ilitokea, na Kiingereza husema “the accident happened”. Vipo pia vitenzi vyenye yambwa ambavyo bado havigeuziki, kama “cost”, “lack”, “resemble” na “have” ya kumiliki. Hivyo ni vichache na hukaririwa tu.

Mtendaji anapotajwa

Katika kauli ya kutenda mtendaji kwa kawaida hawezi kukwepwa, kwa sababu kiti cha kiima ni chake. Katika kauli ya kutendwa kutajwa kwake ni hiari, na anapotajwa huja mwishoni akitanguliwa na “by”. Mazoezi ya shuleni humfundisha mwanafunzi kumtaja kila mara, hata atoe sentensi kama “my bicycle was stolen by someone”, ambayo haina kosa la sarufi lakini haina faida yoyote: kila wizi una mwizi, na “by someone” haikumwongezea msomaji habari. Katika maandishi halisi ya Kiingereza sentensi nyingi za kutendwa hazina “by” kabisa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwepo kwake. Huchaguliwa pale mtendaji asipojulikana, anapojulikana na kila mtu, au anapokuwa si hoja.

Jambo la kuangalia hapa ni tofauti ya “na” na “kwa”. Kiswahili sanifu husema mlango ulifunguliwa na mlinzi kwa ufunguo, yaani “na” kwa aliyetenda na “kwa” kwa kifaa alichokitumia. Kiingereza kina mgawanyo huohuo: “The door was opened by the guard with a key.” Lakini kwa kuwa katika mazungumzo tunasema pia “alikatwa na kisu”, wengi huandika “he was cut by a knife” hata pale wanapomaanisha kwamba kuna mtu aliyekishika kisu hicho. Kama kisu kilimteleza mwenyewe akikata vitunguu, “he cut himself with a knife” ni sahihi zaidi. Kama kuna aliyemdhuru, “he was cut with a knife” inaacha nafasi ya kuuliza ni nani.

Kisha kuna vitenzi ambavyo umbo lake la tatu hufuatana na neno jingine lisilokuwa “by”: “covered with dust”, “made of wood”, “known to the police”, “interested in music”. Haya hayana kanuni moja ya kuyatabiri, kwa hiyo mtu hujifunza kitenzi pamoja na kifuasi chake.

Mahali Kiswahili kinapotupoteza

Kiswahili kina kauli nyingi kuliko Kiingereza. Mbali na kutenda na kutendwa, tuna kutendea, kutendewa na kutendeka, na kila moja ina umbo lake. Kiingereza hubana karibu yote hayo katika milango miwili, na mwandishi wa Kiswahili anapotafuta mlango wa tatu hugonga ukuta. Sehemu hii nitaikalia zaidi kwa sababu makosa yake hayasahihishwi kwa kukariri jedwali la nyakati.

Tuanze na kuibiwa. Tunasema “nimeibiwa simu”, na sentensi hiyo imekamilika: mimi ndiye niliyepatwa na hasara, simu ndiyo iliyochukuliwa. Mtu huyohuyo akienda kutoa taarifa kwa Kiingereza huandika “I have been stolen my phone”. Kwa msomaji wa Kiingereza sentensi hiyo inaonekana kusema kwamba mwenye simu ndiye aliyechukuliwa, kisha simu ikabaki inaning’inia mwishoni bila kazi. Kitenzi “steal” hakimkubali aliyeibiwa kuwa kiima. Kinakubali kitu kilichoibwa tu. Njia zilizo wazi ni tatu: “My phone has been stolen”, “Someone has stolen my phone”, na “I have had my phone stolen”. Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na hisia ya “nimeibiwa”, kwa sababu inamweka mwathirika mbele. Katika taarifa ya polisi ningechagua ya kwanza, kwa kuwa mwizi hajulikani na kinachotafutwa ni simu. Ukitaka kubaki wewe kuwa kiima bila kutaja kitu, “I have been robbed” inafaa, lakini hiyo ina maana ya kunyang’anywa, mara nyingi kwa nguvu au vitisho, na huenda wewe uliibiwa kimya kimya ndani ya daladala.

Kuna kuelezwa, ambako ni ndugu wa kuibiwa. “Tulielezwa taratibu za usajili” huandikwa na wengi kuwa “we were explained the procedures”, na hilo Kiingereza hakilikubali. Vitenzi vya Kiingereza vinavyohusu kumpa mtu kitu au habari vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza, lenye “give”, “tell”, “show”, “teach”, “offer” na “send”, humruhusu mpokeaji awe kiima: “we were shown the forms”, “Amina was given a prize”. Kundi la pili, lenye “explain”, “describe”, “announce”, “suggest” na “report”, halimruhusu: huna budi kusema “the procedures were explained to us”. Kwa kundi la kwanza Kiingereza kina hiari ambayo Kiswahili hakiitoi kwa urahisi, kwani kinaweza kusema “Amina was given a prize” au “a prize was given to Amina”. Sisi tutasema Amina alipewa tuzo, lakini tukitaka tuzo itangulie itatubidi kubadili kitenzi na kusema tuzo ilitolewa kwa Amina. Kipimo chepesi cha kujua kitenzi kiko kundi gani ni kukiweka katika kauli ya kutenda: kama unaweza kusema “they told us the news”, basi “we were told the news” inakubalika; kama huwezi kusema “they explained us the rules”, basi “we were explained” nayo haipo.

Kuolewa kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kosa lake halionekani kuwa kosa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa na mwanamume. Tendo limegawanywa baina yao kwa kauli. Kitenzi “marry” hakina mgawanyo huo: mwanamke anaweza kuwa kiima cha kauli ya kutenda kama mwanamume, na kusema “Rehema married Juma” ni sawa kabisa na kusema “Juma married Rehema”. Hali ya ndoa husemwa kwa “to”: “Rehema is married to Juma.” Anayeandika “Rehema was married by Juma” ameandika sentensi ambayo Mwingereza ataielewa kwamba Juma ndiye padri, kasisi au msajili aliyeifungisha ndoa hiyo, maana “by” humtaja aliyeendesha sherehe. Kwenye fomu za ubalozi, ambako karani hana nafasi ya kuuliza ulikusudia nini, utatanishi wa namna hii unaweza kuleta usumbufu mkubwa.

Kufiwa ni mfano wa kitu ambacho Kiswahili kinaweza na Kiingereza hakiwezi. Kufa ni kitenzi kisicho na yambwa, lakini kwa kukitia -i- na -w- tunapata “alifiwa na mama yake”, na aliyebaki hai ndiye kiima. Mnyambuliko huu ni mzuri mno, kwani unakubali kwamba kifo kimemfanyia jambo mtu mwingine. Kiingereza hakina kitenzi cha “die” katika kauli ya kutendwa. Mwandishi atachagua kati ya “his mother died”, ambayo ni ya moja kwa moja na inafaa karibu kila mahali, na “he lost his mother”, ambayo inabakiza mfiwa katika kiti cha kiima. Kwa barua ya rambirambi ya pili huwa laini zaidi. Kunyeshewa, kwa upande mwingine, Kiingereza kinacho: “we were rained on”. Kilichobadilika ni kwamba kazi ambayo kwetu inafanywa na kiungo cha kutendea, huko inafanywa na neno dogo linalobaki mwishoni. Alichekwa na wenzake ni “he was laughed at by his friends”. Mtoto analelewa na bibi yake ni “the child is looked after by her grandmother”. Wanafunzi huliangusha neno hilo kwa kuona halipendezi karibu na “by”, wakaandika “he was laughed by his friends”, na sentensi ikaharibika. Liacheni lilipo.

Nimebakiza kuvunjika. Kikombe kimevunjwa, na kikombe kimevunjika: mwenye Kiswahili anajua tofauti tangu utotoni. Ya kwanza inakubali kuulizwa “na nani?”, ya pili inafunga mlango. Kiingereza hakina umbo maalumu la kutendeka, kwa hiyo hugawa kazi hiyo katika njia mbili. Njia moja ni kukitumia kitenzi kilekile katika umbo la kutenda bila yambwa: “the cup broke”, “the door opened”, “this cloth washes easily”. Njia ya pili ni umbo la tatu likitumika kama sifa: “the cup is broken”, yaani kikombe ni kibovu. Hapo ndipo “the cup was broken” inapokuwa na maana mbili, kwamba kilikuwa kimeharibika tayari au kwamba kuna aliyekivunja, na ni maneno yanayoizunguka tu yatakayoamua. Ukitaka kuondoa shaka kwamba kilivunjika chenyewe, “the cup broke” ndiyo sentensi yako, ingawa kwa umbo ni kauli ya kutenda. Wanaofundishwa kwamba kiima cha kauli ya kutenda lazima kiwe ndicho kilichofanya tendo hubaki wameduwaa mbele ya mfano huu, na kosa ni la maelezo waliyopewa: kauli ni umbo la sentensi, na kiima chake si lazima awe mtu mwenye kukusudia.

Kuchagua kwa kufuata mtiririko

Sasa twende kwenye uchaguzi wenyewe, pale kauli zote mbili zinapowezekana. Ushauri unaorudiwa kila mahali, na ambao programu za kusahihisha sarufi zimeugeuza kuwa mstari wa rangi chini ya kila kitenzi cha kutendwa, ni kwamba kauli ya kutenda itumike daima kwa kuwa ni fupi na ina nguvu. Ni kweli kwamba ni fupi. Lakini sentensi haiishi peke yake, na kigezo ninachokiamini zaidi ni kile cha aya: kilichokwisha kutajwa kitangulie, kipya kifuate. Tazama aya hii juu ya ngome ya Mombasa:

“Fort Jesus stands at the entrance to the old harbour of Mombasa. It was built by the Portuguese between 1593 and 1596 to the plans of an Italian, Giovanni Battista Cairati. In 1698 it was captured by Omani forces.”

Habari ni ya ngome. Kila sentensi inaanzia kwenye ngome, kisha inaleta mtu au jeshi jipya mwishoni, na jicho la msomaji halihami. Ukizigeuza zote kuwa za kutenda, utapata Wareno katika sentensi moja, Mwitalia katika nyingine, na majeshi ya Oman katika ya tatu. Msomaji atatakiwa kugeuza shingo mara tatu ili kutazama jengo lilelile. Lakini kama aya yako ni ya Wareno katika pwani yetu, hali inabadilika:

“The Portuguese reached Mombasa in 1498. Almost a century later they built Fort Jesus to guard its harbour, and they lost it to Omani forces in 1698.”

Hapa kauli ya kutenda ndiyo inayoshikilia uzi, na kuandika “Fort Jesus was built by them” kungeukata. Matukio ni yaleyale na miaka ni ileile. Kilichoamua kauli ni nani anayezungumziwa katika aya.

Ndugu wa kigezo hicho ni urefu. Kiingereza hupenda kuweka kipande kirefu mwishoni, kwa hiyo mtendaji anayehitaji maneno kumi na zaidi kumtambulisha hukaa vizuri baada ya “by”. Sentensi “The bus is paid for by parents whose children live more than ten kilometres from the school” inasomeka kwa utulivu, lakini ukimweka mtendaji huyo mbele msomaji atangoja sana kabla ya kukutana na kitenzi.

Kuna pia tofauti ya maana ambayo zoezi la kugeuza sentensi huificha kwa kumfanya mwanafunzi aamini kwamba kauli hizi ni mizani iliyolingana. “Every student read one poem” inaeleweka kirahisi kwamba kila mmoja alisoma shairi lake. “One poem was read by every student” inaelekeza kwenye shairi moja lililosomwa na wote. Panapokuwa na maneno ya idadi kama “every”, “one”, “many” na “few”, soma upya ulichogeuza.

Kuchagua kwa kufuata aina ya andiko

Katika barua ya kuomba kazi kauli ya kutenda ina haki ya kwanza, kwa sababu anayezungumziwa ni wewe. “I supervised twelve field officers” inamwambia mwajiri ulichofanya. “Twelve field officers were supervised” inamwacha akijiuliza kama ulikuwa msimamizi au mmoja wa waliosimamiwa. Malezi yetu ya kutojisifu hutusukuma kwenye ya pili, na nawasihi vijana wanaoandika barua hizo washinde aibu hiyo, maana msomaji hatausoma unyenyekevu, atasoma utupu.

Katika ripoti ya sayansi hali ni kinyume, angalau katika sehemu ya mbinu. “The mixture was heated to 80 °C for ten minutes” inaeleza jambo ambalo mtu yeyote akilirudia anatarajiwa kupata tokeo hilohilo, kwa hiyo aliyeshika chupa si hoja. Hata hivyo mtindo umebadilika. Jarida la Nature, kwa mfano, huwaeleza waandishi wake kwamba linapendelea kauli ya kutenda, na “we measured” haishangazi tena popote. Mpangilio unaofaa ni kutumia kutendwa kwa hatua za maabara, na kutenda kwa uamuzi na hitimisho, kwa kuwa hapo kuna watu walioamua na wanaopaswa kubeba walichosema.

Sheria na matamko huhitaji kauli ya kutendwa kwa sababu nzito kuliko zote. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, linasema katika kifungu cha 5 kwamba “no one shall be subjected to torture”. Mtendaji ameachwa makusudi, na kwa kuachwa huko amezuiwa kila mtu: askari, serikali, jirani, mzazi. Kama kifungu kingeandikwa kwa kutenda na kumtaja anayekatazwa, yeyote ambaye hakutajwa angepata upenyo. Kifungu cha 1 nacho kinaanza kwa “born free” na kuendelea na “endowed with reason and conscience”, na tafsiri yetu inajibu kwa “wamezaliwa” na “wamejaliwa”, kauli kwa kauli.

Lakini nafasi hiyohiyo tupu hutumiwa pia na mwenye kutaka kujificha. Tarehe 27 Januari 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani, akilihutubia Bunge la nchi yake baada ya kufichuka kwa mauzo ya silaha kwa Iran, alisema kwamba “serious mistakes were made”. Makosa yametajwa, na hata uzito wake umekiriwa, ila aliyeyafanya hayumo. Sisi tungesema “makosa yalifanyika”, na ukitazama kwa makini utaona kwamba kutendeka kwetu kunaficha zaidi kuliko kutendwa kwao, maana “were made” bado inaacha mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuuliza “by whom?”, na “yalifanyika” haina mahali hapo. Anayeandika maelezo ya kosa lake mwenyewe, kazini au kwa rafiki, atumie “I made a mistake”. Hakuna kauli nyingine inayofanya kazi hiyo.

Kwa mazungumzo ya kawaida kuna “get” badala ya “be”, kama “he got arrested” au “I got paid on Friday”. Ni Kiingereza halali cha kusemwa, lakini kisiingie katika barua rasmi. Na maumbo ya mtihani kama “Let the door be opened”, yanayotokana na kugeuza amri, yajue kwa ajili ya mtihani, kisha yaache hukohuko.

Mfano mmoja wa barua

Mtu aliyekatiwa maji ilhali amelipa anaiandikia ofisi inayohusika:

“I paid the bill on 3 May. The payment was received on the same day, as the enclosed receipt shows. However, my water was disconnected on 10 May, and I have since paid a reconnection fee. I request that this fee be refunded.”

Amesema “I paid” kwa sababu kulipa kwake ndiko msingi wa malalamiko. Amesema “was received” kwa sababu karani aliyepokea hahusiki, na stakabadhi ipo. Katika “my water was disconnected” angeweza kuandika “your technician disconnected my water”, na sarufi ingekuwa sahihi, lakini fundi alitekeleza tu agizo aliloandikiwa, na kumtaja kungemwelekezea lawama isiyo yake. Kama angekuwa anaandika barua ya tatu bila kujibiwa, ningemshauri abadili hapo na aseme “you disconnected my water”, ili ofisi ionekane wazi kuwa ndiyo iliyotenda. Sentensi ya mwisho inarudi kwenye kutendwa, “be refunded”, kwa kuwa hajui ni idara gani itakayomrudishia fedha, na hana haja ya kujua.